Matobolwa Yaliyouzwa Getini

Nkome, Geita
Jumatano

Kwa dada yangu mpendwa Asteria,

Shikamoo dada. Natumaini karatasi hii itakufikia ukiwa mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kifua cha Edson kimetulia sasa vumbi limepungua. Ng'ombe wanapata maji? Sisi huku, mimi na Limi, tuna afya, tunakula na kulala. Nimechoka tu, na uchovu si ugonjwa. Limi amejua kuandika herufi ya kwanza ya jina lake, anaiandika kila mahali, jana ameiandika kwenye unga niliokuwa nimeuchekecha.

Ninaandika mchana huu nimekaa mchangani, nalinda dagaa wa Mama Rebeka wasiliwe na kunguru. Ukinusa karatasi usishangae. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu wewe hukatiza, dada, usinikasirikie, na jambo hili nikikatizwa katikati sitaweza kulianza tena.

Uliponipigia Jumapili ulinipa pole. Ulisema mama alirudi kutoka huku miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi, na kwamba amewaambia wote hapo nyumbani kuwa hakunikuta, eti watu wa lodge walimweleza nimevuka na wageni kwenda kisiwani Rubondo. Ukasema majirani wamemsikitikia, safari yote ile kutoka Kolandoto mpaka ziwani, kisha anarudi bila hata kumshika mjukuu aliyemwona mara ya mwisho hajaota meno. Ukanigombeza kwa nini simu ilikuwa imezimwa siku nzima. Nikakujibu kazi ilikuwa nyingi, unisamehe. Nilipokata simu ndipo nilipoanza kutafuta karatasi.

Nikupe kwanza habari za kazi, maana bila hizo hutanielewa.

Unakumbuka miaka ile ya korona nilivyokuwa nikikuomba unga kwa aibu. Lodge ya Bwana Nazir inaishi kwa wageni wanaosubiri boti ya kwenda Rubondo kuangalia sokwe na ndege. Walipokatika, walikatika kweli. Vyandarua vilitoboka vikiwa vimetundikwa. Bwana Nazir aliuza jenereta, akauza na friji la soda, lakini mlinzi na mimi hakutufukuza, alikuwa akituletea mchele kutoka duka la kaka yake pale Geita mjini. Mchele nao ukafika mwisho. Nikashuka ufukweni kuanika dagaa wa watu, Limi mgongoni. Mayala, baba Limi, naye ndipo alipokwenda machimboni, akasema duara, lile shimo lao, likitoa dhahabu tu anarudi. Kama lilitoa au halikutoa, sijui. Yeye hajarudi.

Wageni walipoanza kuja tena, hawakuwa wale wa zamani. Zamani waliuliza habari za ndege, wakalala, wakaondoka. Hawa wa sasa wanauliza una watoto wangapi, mama yako yuko hai, mlikuwaje wakati wa ugonjwa. Chacha, nahodha wetu ambaye ndiye anayejua Kiingereza, alituambia wengi wao walifungiwa ndani miezi na miezi, na wengine walizika wazazi wao kwa kuangalia kwenye simu. Mmoja, mama mtu mzima, alikaa jikoni nusu siku ananitazama nasonga ugali, kisha akamwambia Chacha kwamba siku hiyo imempendeza kuliko sokwe.

Hapo ndipo wazo lilipokuja, na wazo lilikuwa langu. Bwana Nazir asibebeshwe lawama. Nilimwambia tujenge nyumba ya msonge hapo ndani ya uzio, wageni waje kana kwamba wamekuja nyumbani kwetu, wapikiwe, wamkute mama wa nyumba, na binti, na mjukuu. Chumba ninachopanga hakina hata pa kugeukia, na mama yuko mbali. Basi nikamwomba Mama Rebeka, mjane anayeuza dagaa hapa, tuliyeshirikiana naye katika shida zote zile, awe mama yangu saa za wageni. Akacheka, akasema hajawahi kupata mtoto kwa urahisi hivyo. Limi nikamfundisha amwite bibi. Simu zetu tulizificha kwenye ndoo ya pumba, kwa sababu wageni hawapendi kuona simu kwenye msonge.

Dada, ilipendwa. Wageni wakaandikiana huko kwao, wakaja wengine wakimwulizia mama na binti wa Nkome. Bwana Nazir akanunua jenereta nyingine, wasichana wa kutandika vitanda wakarudishwa kazini, boti ikapakwa rangi. Nami ule unga nilioacha kukuomba ulitoka hapo.

Tatizo lilikuwa moja. Wageni walikuwa wakimwuliza Mama Rebeka binti yake alikuwaje utotoni, na yeye amezaa wavulana watupu, akawa anakwama. Nikampa ya kwetu. Nikampa ile ya mkia wa maksai. Ulikuwepo, unaijua kuliko mimi: nimeshikwa na degedege, mvua haikatiki, mto wa mbugani umefurika, baba yuko mnadani, na mama kanifunga mgongoni kwa kanga mbili, akamswaga yule maksai mwekundu majini, akashika mkia, akavuka. Akatembea na nguo mbichi mpaka hospitali. Unajua mama mwenyewe hapendi kuisimulia. Husema Mungu ndiye aliyevusha, yeye alishika mkia tu.

Mama Rebeka aliishika vizuri kama yake. Kila wiki aliongeza kitu. Akaweka radi. Akaweka na mamba, kwa sababu wageni wanapenda mamba. Mto ule, dada, hauna hata kambale wa kumshibisha mtu mmoja. Lakini akifika hapo wageni wanalia, mimi nimepiga magoti namnawisha mikono, na Chacha anatafsiri kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani.

Alhamisi iliyopita alikuja wakala kutoka Arusha, Dada Nelly, na wageni wake na kamera. Tulikuwa tunamsubiri tangu mwaka jana. Akiridhika ataleta makundi msimu mzima, asiporidhika atapitishia watu wake njia nyingine. Bwana Nazir alivaa shati lake la Idi. Alinishika bega asubuhi, akaniambia Mariana, leo ndiyo leo.

Mama Rebeka alikuwa amefika katikati ya mto, ameshamtaja mamba. Nilikuwa magotini na birika mkononi. Nikainua macho nikaona mwanamke amesimama getini na mfuko wa salfeti kichwani, ametulia, anasikiliza.

Dada, mama alinikuta.

Amekonda, hukuniambia amekonda hivyo, lakini ningemjua hata gizani, kwa lile bega lake lililoinama upande wa kubebea maji. Alisikiliza mpaka mwisho. Alimsikia mtu mwingine akisimulia mto wake na mtoto wake. Alimwona Limi mapajani kwa Mama Rebeka, anacheza na shanga zake, anamwita bibi, bibi.

Dada Nelly akageuka, akaniuliza yule ni nani. Nilikuwa na nafasi ya kujibu. Sitakuambia ulimi uliteleza, kwa sababu haukuteleza. Niliwatazama wageni wanaofuta machozi, nikatazama lile shati la Bwana Nazir, nikakumbuka kuanika dagaa na mtoto mgongoni. Nikasema ni mama mmoja anauza matobolwa, huwa anapita pita hapa.

Mama alinitazama kidogo tu. Kisha akashusha mfuko, akaufungua, akasema ndiyo, anauza, wageni wakaribie waonje. Yale matobolwa, dada. Viazi mlivyochemsha wewe na yeye, mkakata, mkaanika juu ya mwamba wetu kwa ajili ya Limi. Wageni wakatafuna, wakasifu utamu, mmoja akanunua mfuko mzima na kumpa noti. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Nikamsikia Limi akimwambia shikamoo kama anavyomwambia mpita njia yeyote, na mama akaitikia, marahaba mjukuu wangu. Kila bikizee husema hivyo kwa mtoto. Hakuna aliyeshtuka hapo isipokuwa mimi.

Alipomaliza akamwendea Mama Rebeka, akampa mkono. Akamwambia hongera mama, umemkuza binti, kumvusha mtoto kwenye maji kama yale si kazi ndogo. Mama Rebeka akashukuru, akamwambia karibu tena siku nyingine. Na mama akaondoka.

Nilipowafikisha wageni kwenye boti nilikimbia mpaka kituoni, kandambili moja ikabaki njiani. Noah ya Geita ilikuwa imeshaondoka. Niliporudi, mlinzi akanipa ile noti. Alisema yule mama wa matobolwa ameiacha, apewe mtoto aliyekuwa amekaa kwa bibi yake, anunuliwe viatu. Jina lake hakuliacha.

Ungedhani nilikaa chini nikalia nikaacha kazi. Hapana. Ijumaa walikuja wageni wengine, na Jumamosi wengine, na siku zote mbili nilipiga magoti nikamnawisha Mama Rebeka, na mto ukafurika, na mamba akatokea. Hilo nalo ulijue. Nilikuwa nasubiri simu yako, nikijua mama atakuwa amesema, nawe utanitukana, na nilijiandaa kutukanwa. Badala yake ukanipa pole. Mama amefika nyumbani na miguu imevimba, watu wamemzunguka wanataka habari za Limi, na yeye akawatungia uongo kwa ajili yangu. Mama ambaye alituchapa wote wawili kwa kuficha sukari.

Jumatatu nilimwambia Mama Rebeka. Alikuwa anageuza dagaa, akaacha. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika ni yule yule aliyempa mkono. Kisha alinisema, dada, alinisema mbele ya wavuvi. Alisema nimemvalisha nguo ya mtu huku mwenyewe amesimama uchi anatazama, na kwamba angejua angeinuka pale pale kwenye kigoda ampishe. Amesema hataketi tena kwenye ule msonge mpaka amwombe mama radhi kwa mdomo wake. Adhabu yangu ndiyo hii ya kunguru.

Chacha alipopata habari aliniambia Mariana una bahati, una mama wawili mpaka mmoja unamfukuza, wenzako hata yule mmoja tumemzika. Mama yake alikufa wakati ule wa korona na yeye hakupata nauli ya kwenda Tarime.

Bwana Nazir hakupiga kelele. Alinionyesha picha kwenye simu yake, mimi na Mama Rebeka na Limi tunacheka mbele ya msonge, Dada Nelly anataka kuiweka kwenye kalenda ya kampuni yake. Nikamwambia picha ile isitoke. Akaniuliza kama najua ni watu wangapi wanakula kutokana na picha hiyo. Nikasema najua, nami nikiwa mmoja wao, ila mtoto wangu hatakua akiona ukutani bibi ambaye si wake. Nikamwambia wageni wapikiwe, waimbiwe, waambiwe Mama Rebeka ni Mama Rebeka, mjane anayeuza dagaa, na ana yake mengi ya kusimulia akiulizwa. Wakiona haitoshi, basi haitoshi. Akasema niende nyumbani kwanza, nikirudi tutaona. Sijui kama kazi ninayo au sina. Dada Nelly hajapiga simu.

Jumamosi nitapanda basi la asubuhi na Limi. Sitakuja na zawadi, maana nitaonekana ninanunua kitu. Ile noti ninayo, sijaigusa, nitairudisha mkononi mwake. Limi nimeshamweleza kwamba yule bibi wa matobolwa ndiye bibi. Aliniuliza kwa nini sasa alikwenda bila sisi. Nimemwambia ni kosa la mama yake.

Barua hii nampa kondakta wa Shinyanga, utaipata Ijumaa. Ninakuomba, dada, umsomee mama yote, usiruke penye aibu. Soma jioni, watu wa nyumbani wote wakiwepo, wale wale waliompa pole. Akitaka kunifungia mlango nitakaa nje na mtoto atakaa ndani naye, hilo sitabishana. Naye akianza tena kuwaambia watu kwamba hakunikuta, umkatize, kama unavyonikatiza mimi. Mwambie Mariana mwenyewe ameandika kwa mkono wake: mayu, mama yetu, alinikuta, na nilimwona.

Wasalimie shemeji na watoto, mwambie Edson nitamletea ganda la konokono wa ziwani kama nilivyomwahidi, hilo si la kumnunua mtu. Msalimie mama mdogo ukipita kwake. Kwa mama usipeleke salamu zangu. Hizo nitampa mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti.

Ni mimi mdogo wako,
Mariana, mama Limi