Kikuba Alichovishwa Besi

Deira, Dubai
Ijumaa, baada ya sala

Mke wangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Salamu zako za barua iliyopita zilinifika, ingawa ulizitia mwishoni kabisa, baada ya habari za bomba na paa linalovuja, kama mtu aliyekwisha kutoka mlangoni akakumbuka kuwa hajaaga. Natumai u mzima. Mama je, miguu imepunguza kuvimba? Mwambie namwamkia, shikamoo yake naituma humu humu. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo ina homa, na homa yenyewe imetoka huko huko kwetu Mkunazini.

Sitazunguka. Dada yangu Mwanaisha, wifi yako unayelala naye nyumba moja, kaniandikia maneno haya, nayanukuu kama yalivyo: "Kaka, juzi kwenye harusi ya Vuga mkeo katutia wazimu. Nyimbo imepamba moto, yeye kapanda jukwaani mpaka kwa Besi, akamvisha kikuba chake mwenyewe. Vigelegele! Mie mbavu sina." Basi. Baada ya hapo kaingia kwenye habari za bei ya karafuu.

Besi! Miaka tisa pale kwenye kilabu ya taarabu hakuna aliyeniita Seif. Kila mpigaji tulimwita kwa chombo chake. Mkubwa wetu Maalim Khamis alikuwa Fidla, na mimi nilikuwa Besi, hata muuza kahawa akiniita hivyo nikimwitikia naam. Nimeondoka miaka miwili tu, na sasa Besi ni Hamza, yule mwenye duka la kaseti Darajani, anayejipaka mafuta ya nywele kabla ya kupanda jukwaani kana kwamba nyuzi zina macho. Nilimwachia gita langu aliazime siku za kupiga tu, kisha lirudi chumbani kwetu. Gita, Zuwena. Sikumwachia jina, na wala sikumwachia kikuba.

Neno hilo nimelisoma mpaka karatasi imelegea. Akamvisha. Lau angekuwa anasema gita, angeandika akalivisha. Mwanaisha kasoma, Kiswahili chake hakina mawaa, na gita halijawahi kuwa "m". Aliyevishwa ni mtu. Na kikuba chako nakijua. Asumini, mrehani, na waridi moja la katikati, unakifunga mwenyewe baada ya alasiri umekaa kizingitini, uzi umeubana kwa meno, na mtu akikusemesha unamjibu kwa nyusi. Kikuba hicho kilikuwa cha kunukia chumbani kwetu. Hakuna mwanamke wa Mji Mkongwe asiyejua maana ya kumpa kikuba mwanamume asiye wake, na wewe ndiye ungewasomesha wenzio.

Kisha kuna hili la kubadilisha gita. Umeniandikia kwamba Hamza kampata Mtaliano mmoja anayepigia wageni muziki kwenye hoteli ya Kiwengwa. Mtaliano ana gita la besi jipya, jekundu, linang'aa, na amplifaya yenye magurudumu, na yuko tayari kuvitoa vyote viwili apewe langu peke yake. Hamza anasema ni bahati ya mtende. Wanangojea ruhusa yangu tu.

Huyo Hamza hashangai? Mtu mwenye vitu vipya viwili anataka kikongwe kimoja, na hata nyongeza haombi? Nikamuuliza Rodel. Huyu ni Mfilipino, tunafanya kazi pamoja kwenye ghala la mafriji, na siku za mapumziko hupiga besi na wenziwe. Nikamweleza gita langu: la kahawia, rangi imebanduka pale mkono unapokaa, shingo nene, na ule ufunguo mmoja wa kukazia uzi ambao si wake, niliochongewa na fundi baiskeli. Nikamtajia na namba iliyo nyuma. Rodel akaweka kikombe chini. Akaniambia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, "Hilo usitoe. Mapya matatu hayalifikii." Kumbe mbao ikikaa miaka mingi hukauka, na sauti nayo huiva. Mtaliano analijua hilo, Hamza halijui. Lile jekundu ni zuri kwa wanaopiga kwa dole gumba, tapu tapu, kama Hamza apendavyo. Lakini besi ya taarabu inapita chini ya fidla kama mtu anayetembea peku ndani ya nyumba. Humsikii, ila akitoka unajua katoka.

Kwa hivyo gita halina kosa. Kinachokoroma, anachokilalamikia Hamza, ni mashine. Amplifaya yangu hata mimi ilinishinda, jirani akiwasha friji inanguruma, na bila kofi la ubavuni haisemi. Kilabu inahitaji mashine. Na Rodel anayo. Nyeusi, nzito ya watu wawili, spika moja ya inchi kumi na tano. Alinipa gita lake nikapiga uzi mmoja, ule wa chini kabisa, vikombe vikasogea rafuni. Nilipoacha, kimya! Haivumi, haikoromi. Niliitamani mpaka nikaona haya.

Pesa hazitaki. Alichotaka ni kimoja, zamu yangu ya likizo. Yake ni mwakani. Yangu, kama nilivyokwisha kukuandikia, ni kabla ya Ramadhani hii, na najua umeanza kukipaka chokaa chumba.

Nimempa. Jana tumekwenda kwa karani, tumebadilishana majina kwenye daftari. Amplifaya itakuja na meli na mimi siji. Nije kufanya nini? Besi mnaye, na kikuba keshavaa. Mwambie Hamza mashine hiyo nimempa sadaka, ila gita halitoki kwenda Kiwengwa wala kokote. Na wewe ukipenda nikae huku miaka mingine miwili niandikie tu, sitauliza sababu.

Jumatatu, baada ya alasiri

Zuwena, hayo ya juu sikuyatia posta. Nilitaka kuyachana, lakini wewe husema mimi ni hodari wa kutema maneno kisha nikayalamba. Basi yasome, unijue.

Leo adhuhuri kaja Bi Time, yule jirani yetu anayefuata vitambaa huku. Kaniletea mfuko wako. Achari ya ndimu imefika salama, kopo limevuja kidogo tu. Chini yake nikakuta kaseti, na mwandiko wako juu: "Harusi ya Vuga. Sikiliza upande wa pili."

Nikaisikiliza jikoni, wenzangu wako kazini, mimi na Rodel wiki hii ni wa usiku. Mwenyezi Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokitafuta ni makosa ya Hamza. Nyimbo ya kwanza nikapata mawili. Ya pili nikapata moja. Ya tatu sikupata, na nilikasirika kuliko yote. Gita lilikuwa langu, nililijua kwa ule uzi wa pili unaogonga kidogo ukibanwa. Anapiga vizuri, Zuwena. Nimelisema mara moja, usimfikishie.

Katikati ya nyimbo ya nne nikasikia watu wanaguna, viti vinasogezwa, na Maalim Khamis anauliza kwa sauti ya kuupita muziki, "Bi Zuwena, wapi tena? Mwimbaji yuko huku, huko nyuma ni kwa Besi!"

Kisha wewe, ukakohoa kwanza kama kawaida yako.

"Najua nendako, Maalim. Hebu Hamza, kaa upande. Sikuvishi wewe, usijichekeshe. Namvisha mke mwenzangu. Miaka tisa kanibania mume, leo sote wawili tumeachwa. Nshamsamehe."

Watu wakaangua kicheko. Mwanaisha nilimsikia, kicheko chake kile cha kukosa pumzi. Na kabla ya vigelegele, kikuba kilipokuwa kikifungwa pale juu ya shingo ya gita, kikagusa nyuzi. Mkwaruzo mdogo. Nimeurudisha mkanda mara sita kuusikia.

Mke mwenzangu! Nimekaa miaka miwili tu na nimesahau tunavyosema nyumbani kwangu mwenyewe. Tangu wiki ya harusi yetu gita hukuliita gita. "Mfunike mke mwenzangu, asipigwe na unyevu." "Leo unalala kwa nani, kwangu au kwa mke mwenzangu?" Mwanaisha naye kazoea, na Mama pia. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kulisema kwa "li". Na mimi nimekaa huku nikikuhukumu kwa herufi moja, tena herufi ambayo nyumba nzima hulisemea gita.

Nilizima redio nikaazima toroli la ghala, nikasaidiwa na mlinzi kuipakia amplifaya niliyokwisha kuichukua, nikaisukuma mpaka kwa Rodel, mitaa minne, jua lile. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Chukua mashine yako, kaka, nirudishie zamu yangu, twende kwa karani kesho asubuhi.

Nikamkuta kapiga magoti sakafuni anafunga maboksi. Hakunipa nafasi ya kusema. Akanionyesha picha ya mtoto wa kike, kasimama kashika kiti. Kazaliwa Rodel keshafika huku, na sasa anatembea, na babake hajamshika hata mara moja. Akaniambia kampigia simu mkewe na keshamweleza kwamba anakuja. Mkewe kalia na kucheka, mpaka simu ikakatika hawajaagana. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndugu yangu wewe," akasema. "Umefuata nini? Mashine ina kasoro?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza waya wa gita unaingia tundu lipi.

Akanionyesha. Alinieleza kila kitufe, kwa utaratibu, na mimi nikiitikia kwa kichwa. Kisha nikaisukuma tena mitaa minne. Nililia njiani, mke wangu, na watu wakidhani mzigo umenielemea. Hasira hasara, Mama husema, nami humjibu najua.

Basi siji. Nisamehe. Chumba ulichoanza kukipaka chokaa bakisha ukuta mmoja, nitaupaka mimi mwakani inshaallah. Mashine ikifika bandarini Maalim aifuate mwenyewe, na waishushe watu wawili. Mtaliano wa Kiwengwa mwambieni hapana, kwa adabu, na akiongeza magurudumu mengine mwambieni hapana tena. Hamza apige gita, aliangalie, alirudishe kwako limefunikwa. Ila muiteni Hamza. Jina la Besi likae hivyo hivyo bila mtu, halitaoza.

Nisalimie Mama, mwambie miguu aiweke juu ya mto kama nilivyomwagiza. Nisalimie mkwe wangu, mzee wako, na cherahani yake, na umwambie kanzu aliyonishonea imekuwa pana, chakula cha huku hakinenepeshi. Maalim Khamis shikamoo nyingi. Wifi yako Mwanaisha mwambie akiniandikia tena amtaje mtu kwa jina na gita aseme gita, kwani nusura anivunjie nyumba kwa kalamu. Hamza naye msalimie, kidogo.

Wivu haujaniisha, usidhani. Hamza simwonei tena. Rodel nilimwonea wivu njia nzima, kwamba atamshika mkewe na mimi nitashika toroli, lakini huyo naye ana haki. Aliyebaki ni mke mwenzio. Kaegemea hapo chumbani, anafunikwa akisikia baridi, anakuona ukisuka nywele, na kikuba kavishwa yeye mbele ya harusi nzima.

Bi Time anarudi huku baada ya mwezi. Kikuba kile, kama bado kiko shingoni kwake, kifungue taratibu ukitie ndani ya bahasha. Najua kimekauka. Mwambie zamu yake imekwisha, sasa ni yangu.

Mumeo,
Seif