Supu ya Thomu na Njiwa wa Bawshar

Kaka Seif,

Inatangazwa rasmi kwa njiwa wote wa Bawshar, wakazi na wapita njia, kwamba kuanzia wiki hii mkate mkavu wa nyumba ya marehemu Seif hautolewi tena. Malalamiko hayapokelewi. Aliyezoea kuja na wenzake ajue mambo yamebadilika.

Nnajua ungecheka. Wewe ndiye uliyekuwa ukigombana nao.

Habari za huku: mkeo ametoka eda. Salma ameoga, amevaa nguo ya kijani, amepokea wageni, akawapa halua na kahawa, wakaondoka. Siku ya pili Hamed akaja kutoka Suhar na gari tupu. Mwanao ana adabu, wallahi, lakini ana haraka. Akasema nyumba kubwa, mama yuko peke yake, kule kuna wajukuu, khalas. Salma aliomba wiki moja tu ya kufikiri.

Mimi niliyekaa naye ukuta mmoja tangu mjenge, nilitaka abaki, na sikuona haya kutaka. Nikamuuliza kinachomsukuma ni nini. Alikuwa anakunja mtandio, hakuinua macho. "Mchana nnauweza, wifi. Ijumaa jioni ndiyo siiwezi. Nyumba haina harufu."

Basi nikaijua kazi yangu. Ijumaa jioni ilikuwa ya supu yako ya thomu, kitunguu saumu kitupu.

Supu uliyorudi nayo kutoka Hispania. Serikali ilikupeleka kusomea mambo ya maji, na siku ya kwanza uliyompikia mama yetu, alilitazama bakuli, akakutazama wewe, akasema: "Seif mwanangu, miaka yote hiyo ughaibuni, umerudi na uji wa mkate?" Lakini alimaliza. Hata kiini cha yai alikifuta kwa kidole.

Tabu ni kwamba hukumfundisha mtu. Ulikuwa ukijifungia jikoni kama daktari anayepasua. Ila mlango ule una uwazi kwa chini, na mimi nina masikio. Nilijua thomu hukatwa slesi, haitwangwi, kwa sababu sikuwahi kusikia kinu. Nilijua hukaangwa polepole kwenye mafuta ya zeituni, kwa sababu hapo ulikuwa ukinyamaza muda mrefu, na wewe si mtu wa kunyamaza. Nilijua lile kopo lako la pilipili nyekundu isiyowasha, yenye harufu ya moshi, na kabla ya kuitia ulikuwa ukijiambia mwenyewe, kila Ijumaa, kama mtu anayesoma dua: "Ipua kwanza." Wahispania hutia nyama isiyotuhusu. Wewe ulitia supu ya mifupa ya mbuzi, na hilo halikuhitaji masikio, mifupa nilikununulia mimi.

Nilianza kujaribu kwangu, Salma asijue. Mara ya kwanza sikuipua. Pilipili ikaungua, nyumba ikanuka gereji. Mume wangu akafungua madirisha yote bila kusema neno, ndiyo sifa yake kubwa. Mara ya pili niliipua, rangi ikaja nzuri kama hina, nikajiona nimekushinda. Nikatia mkate, boflo laini la asubuhi. Likayeyuka lote. Nikapata kile kile alichokisema mama.

Nikakaa na kijiko mkononi. Mkate wako ulikuwa ukilowa lakini ukibaki vipande. Ndipo nilipoukumbuka ule mfuko.

Siku ya tatu ya msiba nilisafisha jiko lako, nikaukuta umetundikwa nyuma ya mlango, umejaa slesi za mkate, kavu kama mbao. Unajua tulivyolelewa: mkate hautupwi, huokotwa, hubusiwa, huwekewa ndege. Nikaupandisha juu ya paa, nikauvunja wote, nikawapa njiwa, nikatia nia iwe sadaka yako. Nikalia hasa. Kumbe nimewagawia supu. Miaka yote nilidhani maboflo unayoyaanika pembeni ya tangi la maji ni ya kwao, na ile fimbo uliyokuwa ukipanda nayo ni ya magoti, si ya kuwafukuza.

Jua letu lina lawama nyingi, lakini kwa kukausha mkate halina mpinzani. Alkhamisi nilianika boflo zima, nikakaa nalo chini ya mwavuli kama mlinzi wa benki ya Ruwi. Ijumaa baada ya alasiri nikaingia jikoni kwako, nikaacha mlango wazi makusudi. Thomu, mafuta. Nikaipua, na nikalisema lile neno lako kwa sauti, kwa niaba yako. Pilipili, supu, mkate. Mwisho mayai mawili, na mfuniko.

Salma alikuja bila kuitwa. Alikaa kwenye kiti chako, si chake. Akaanza na yai, kama ulivyokuwa ukimkataza. "Yake ilikuwa na chumvi zaidi," akasema, akaongeza chumvi, akamaliza bakuli. Hatukulia. Nakwambia ili usijione mtu mkubwa sana.

Kisha akachukua boflo jengine lililokuwa mezani, akalikata slesi moja moja, akapanda nalo juu mwenyewe. Mkate ule ulikuwa wa Ijumaa inayokuja. Hamed alipopiga simu, mamake alimwambia kwa Kiarabu, taratibu, kama anavyosemeshwa mtoto: aje Ijumaa, na asije na gari tupu, awalete wajukuu.

Lala salama, kaka yangu. Mola akukunjulie huko ulipo. Nami nakuahidi: haitapita Ijumaa nyumba hii ikakosa harufu yako, maadamu mmoja wetu ana mkono wa kuipua sufuria.

Dada yako,
Zuwena

Nimetoka juu sasa hivi kuutazama mkate. Njiwa wameumaliza.