Siku Baba Aliponiita Mayi Nami Nikaitika

Jumatatu, Kabuchai. Mawingu yameshuka hadi kwenye miwa.

Kuna sauti iliyoniingia kichwani Ijumaa na haijatoka. Ni sauti ya damu ya Baba. Tulikuwa Kitale kwenye chumba cha skani, yeye amelala chali, tumbo lake limepakwa mafuta baridi, na mpimaji akabonyeza kitufe mashine ikaanza kuvuma. Ilivuma kama upepo kwenye shamba la miwa, lakini upepo mchovu, unaosimama kila baada ya muda kama umesahau unakokwenda. Mpimaji alisogeza kifaa, akasikiliza tena. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika shati la Baba, na nilijua bila kuambiwa kwamba damu haifai kuchoka namna hiyo.

Ninaogopa. Naandika hilo kwanza kabla sijaanza kueleza mambo kwa mpangilio, kwa sababu hiyo ndiyo tabia yangu. Nikiogopa, naeleza.

Basi nieleze.

Baba ni dalali wa ng'ombe katika soko la Chwele. Hana daftari. Ng'ombe akishapita mbele yake mara moja, anamjua yeye na mama yake na boma alilozaliwa, na miaka baadaye anaweza kumwambia mnunuzi, huyu dada yake alikuwa na titi moja bovu, mwangalie vizuri. Watu humjia kutoka Myanga na mbali zaidi, si kwa sababu ana nguvu au maneno mengi, ila kwa sababu anakumbuka. Ini lake limeharibiwa na virusi vya homa ya ini alivyokaa navyo miaka bila kujua. Hajawahi kuonja hata busaa ya harusi, ingawa majirani walishaamua kitambo kwamba ni pombe iliyoliharibu.

Ini likijaa makovu, damu inayotoka tumboni haipiti tena vizuri. Inarudi nyuma, inatafuta pa kupenya. Maji yanavuja yanajaa tumboni, na mishipa ya koo inavimba hadi inapasuka. Msimu wa kupanda mahindi Baba alitapika damu mbele ya Mama, nyumbani, wakiwa wawili tu. Walimfunga mishipa ile kwa kamera hospitalini, akapona, kisha ikavuja tena. Maji ya tumbo wanayatoa kwa sindano, na kabla hatujazoea kumwona akiwa mwembamba yamesharudi.

Ndiyo maana tulikwenda Kitale kwa daktari bingwa. Kuna njia nyingine, alisema, na si ya kupasua tumbo. Wanaingilia mshipa wa shingoni, wanashuka na waya mwembamba mpaka ndani ya ini, wanatoboa kutoka mshipa mmoja hadi mwingine, kisha wanaacha hapo kijibomba cha wavu wa chuma ili damu ipate pa kupita. Mgonjwa anaamka na plasta shingoni. Kazi yenyewe hufanywa Nairobi, lakini Nairobi hawampokei mtu mpaka apimwe kila kitu: moyo kama utahimili damu itakayorudi kwa kasi, figo, na ini lenyewe, limebakiwa na nguvu kiasi gani.

"Na ubaya wake ni upi?" Baba aliuliza. Huwa anauliza hivyo sokoni.

Daktari akamwambia kwamba ini ndilo linalosafisha damu. Ikipitishwa pembeni, nyingine itafika kichwani bila kusafishwa.

Baba akafikiri. "Yaani ng'ombe watapita kando ya josho. Watafika soko, sawa, lakini na kupe zao."

"Hivyo hivyo, mzee."

"Na kupe zikifika?"

"Mtu anachanganyikiwa. Wengine kidogo tu, dawa inawarudisha. Wengine sana."

Mimi ni mwalimu wa kemia, shuleni Kitale. Mojawapo ya sumu hizo ni amonia, na amonia naijua kwa jina na kwa harufu. Nimewahi kufungua chupa yake mbele ya kidato cha pili darasa zima likakimbilia madirishani huku wakicheka. Ijumaa nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikaifikiria ikipanda polepole hadi mahali ambapo Baba ameweka ng'ombe wake wote.

Daktari alimwambia anyooshe mikono na kuinua viganja kama mtu anayesimamisha gari. Mikono ilitulia.

"Unanipima kama fahali," Baba alimwambia. "Nikimbie kidogo unione?"

Akaulizwa siku, mwezi, mahali alipo. Akaambiwa ahesabu kwa kurudi nyuma, akahesabu upesi kama anayefukuza wanunuzi wasumbufu. Kisha daktari akatugeukia sisi.

"Amewahi kuchanganyikiwa? Kusahau alipo, kumwita mtu jina lisilo lake, kulala mchana kutwa? Hata mara moja? Hili ni la muhimu sana, kwa sababu kama limeshatokea, linaweza kurudi kwa nguvu zaidi tukiweka hiki kifaa."

"Hapana," Mama alisema.

"Akili ya huyu mzee ni moto, daktari," alisema kaka yangu Wekesa. "Si hata sisi anatushinda."

Mimi pia nilitikisa kichwa. Na sikuwa nadanganya. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwamba sikuwa nadanganya.

Jumamosi tulikula chakula cha mchana nyumbani kwa Wekesa, Bungoma mjini. Kuku, ugali wa wimbi, na furaha fulani ya watu waliopewa tumaini. Mama alikuwa anazungumza kuhusu Nairobi kana kwamba tarehe imeshapangwa. Baba alikuwa amekaa kiti cha mikono, tumbo mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine. Wekesa, ambaye hawezi kukaa mezani bila kumchokoza mtu, akaanza.

"Lakini Baba, wewe na huyu mama yako mna mambo. Mnakumbuka ile Jumapili ya ndama?"

Wote tukacheka, kwa sababu tunaikumbuka. Hapa lazima niseme jambo ambalo kwetu halihitaji kusemwa. Mimi ni Nelima, na Nelima alikuwa mama yake Baba. Nilizaliwa baada ya yeye kufa nikapewa jina lake, kwa hiyo tangu nijijue Baba huniita Mayi, yaani mama. Hunisalimia kwa heshima, hunishtakia Mama akimkosea, na nilipokwenda chuo alilalamika kwamba mama yake anamwacha mara ya pili. Nami humwitikia "mwanangu". Ni mchezo, lakini si mchezo tu. Mabinti wengi huku wanaishi hivyo.

Jumapili hiyo tulikuwa tumetoka kanisani. Baba hakwenda, alikuwa hajapata choo siku kadhaa na hakuwa na hamu ya kula. Nilipompelekea chai alinitazama kwa hofu, akaingiza miguu chini ya kiti. "Mayi," alisema, "ndama wamenipotea. Usimwambie Papa." Papa ndivyo alivyomwita babu yangu, baba yake. Nikamjibu kama ninavyomjibu siku zote. "Wataonekana tu, mwanangu." Wekesa alicheka hadi akamwaga chai. Mama alicheka. Baba akasinzia, na jioni alikuwa sawa.

Sasa Wekesa alikuwa anaigiza yote hayo mezani, na miguu akiiingiza chini ya kiti.

"Lini hiyo?" Baba aliuliza.

"Si ile Jumapili, Nelima alikuletea chai."

"Jumapili gani?"

"Ona huyu mzee, bana! Ati anajifanya hajui."

Wekesa alizidi kucheka. Baba alitabasamu, lakini amechelewa, kama mtu anayecheka kwa sababu wenzake wamecheka. Mama akaweka kijiko chini. Nilimwona akiniangalia, kisha akaangalia pembeni.

Kumwita mtu jina lisilo lake, daktari alisema.

Lakini ni jina langu. Ndiyo maana hatukuona. Kama angemwita Mama kwa jina la mwanamke mwingine, tungekimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Aliniita mimi Mayi, na mimi nikaitika, na sote tukacheka huku yeye amekaa pale ni mtoto aliyepoteza ndama na anaogopa kuchapwa.

Mama alinifuata jikoni. Hakuzunguka.

"Nelima, yaache hayo."

"Mama, daktari aliuliza."

"Aliuliza, tukajibu. Ukienda kusema, watamkatalia. Halafu atatapika tena, na ni nani atakuwa naye? Wewe utakuwa Kitale na chaki zako."

Mama ndiye aliyeshika beseni siku ile, mimi nilisikia kwenye simu. Akisema kwamba damu inaua leo na kuchanganyikiwa kuna dawa, hasemi upuuzi. Nimesoma mengi tangu Jumamosi na kuna kurasa zinazosema karibu hivyo. Kuna nyingine zinazosema vingine. Mimi ninayependa majibu nimesoma mpaka macho yakauma, na nilichopata ni hofu mbili badala ya moja. Nikisema, huenda nikamfungia njia, na siku atakayotapika nitajua ni mimi. Nikinyamaza, huenda akarudi kutoka Nairobi tumbo limepungua, na aniangalie asinijue, na safari hii jioni ifike bila yeye kurudi.

Nilijaribu kujiuliza ninaogopa ipi zaidi. Nikaona aibu, kwa sababu swali lilikuwa linahusu mimi.

Jana baada ya kanisa nilimfuata Baba kwenye zizi. Alikuwa amekaa kwenye gogo akimtazama ng'ombe wetu akila.

"Baba, ile Jumapili ya ndama. Hukuwa unacheza."

Akaniuliza yeye alisema nini hasa, neno kwa neno. Nikamwambia. Ndama wamepotea, usimwambie Papa. Nikamwonyesha alivyoficha miguu.

"Walipotea kweli," alisema. "Nilikuwa mdogo hivi. Nililala chini ya mti wakaenda. Hiyo sijamwambia mtu, hata mama yako." Akamwangalia ng'ombe tena. "Na wewe ulinijibu nini?"

"Kwamba wataonekana."

"Hawakuonekana."

Nikaanza kulia, jambo ambalo sikuwa nimepanga. Yeye akaniacha nilie. Aliponiuliza swali, hakuwa mkali.

"Unaogopa nife au unaogopa niwe mjinga?"

"Yote."

"Hata mimi. Hiyo damu, Mayi, we! Ikija unasikia ni moto inapanda. Nilikuwa nimeshajiona Nairobi." Akashika tumbo kwa mikono miwili. "Lakini nimeuza ng'ombe miaka yote hii na sijamficha mtu ugonjwa. Mnunuzi lazima ajue anachukua nini. Na huyu daktari ndiye atanichukua."

Nilimwambia kwamba Mama hataki. Akasema ataongea na Mama. Waliongea jioni, kwa sauti ya chini, na Mama alitoka chumbani akaenda kufungia kuku bila kunitazama. Asubuhi hii ameniwekea chai mbele yangu, ina sukari nyingi kama ninavyoipenda, na bado hajanitazama. Sijui kama amenisamehe. Nadhani hajaamua.

Nimeomba ruhusa shuleni. Nimekaa hapa barazani na Baba upande wa pili wa benchi, redio yake imezimwa, na nilikosea kufungua simu.

Nimeshapiga.

Nilimweleza daktari yote: choo kilichokosekana, chai, ndama, miguu chini ya kiti, usingizi. Nilimweleza kuhusu jina langu na kwa nini hatukuona. Hakunikatiza. Akasema si kwamba mlango umefungwa, ila si wazi kama ulivyokuwa Ijumaa. Kwamba tukio hilo huenda lilitokana na tumbo kufunga, na hilo lina uzito wake. Kwamba ataongea na wenzake wa Nairobi na kwa sasa ataanza kumpa dawa ya maji ya kufungua choo na kutoa sumu, kisha wampime upya. Nilimuuliza wanaweza kumkatalia kabisa? Akasema ndiyo, wanaweza.

Hapo nikatamani kurudisha kila neno.

Kisha akauliza kama mzee mwenyewe anajua nimepiga simu hii. Nikasema anajua, amekaa hapa kando yangu. Baba alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikampa simu aongee mwenyewe.