Jina la Bernadeta Darasani

Mama Bernadeta,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya sanduku lako la nguo, maana kiti nimempa Bernadeta afanyie hesabu zake. Watoto hawajambo. Anna ameota jino la nne na sasa anasimama kwa kushika ukuta. Yosefu bado anakojoa kitandani siku za radi. Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike.

Nilitaka kukuandikia mapema, nikaona haya. Kila nikishika kalamu nakumbuka jambo moja, naiweka chini. Leo nitalisema, lakini niache nianze na mengine, nilisogelee polepole.

Unajua mwezi wa kufungua shule ulivyokuwa nyumbani kwetu. Wewe ndiwe uliyepanga kila kitu. Gazeti la mwezi likifika, unalisoma lote, kisha unatusomea yale uliyoyachagua huku sisi tunakula. Motokaa ya sinema ikija, unatuvalisha wote tunakwenda. Jumamosi unawapeleka watoto bomani kusikiliza redio, na njiani mkirudi unawauliza walichosikia. Mimi karani wa gatini nilikuwa nikirudi na uchovu wangu wa kusimamia mizigo ya meli, nasinzia sahani ikiwa mkononi, nawe unaendelea kusoma.

Mwaka huu nilijiambia nitafanya kama wewe, watoto wasione pengo. Nilimshoneshea Yosefu kaptula ya kaki. Nilimpatia kibao kipya cha kuandikia. Siku ya kwanza nilimshika mkono mpaka mlangoni mwa shule. Bernadeta nilimwacha nyumbani amlee Anna. Hakulia. Aliikunja sare yake ya mwaka jana, akaiweka chini ya mto wake.

Gazeti lilifika wiki hiyohiyo. Jumapili baada ya misa wanaume wa hapa Igogo wakaja barazani kama zamani, wakasema, "Karani, tusomee." Nikawasomea habari za vita, nikawasomea chanjo ya ng'ombe. Mara nikaona barua ya mzazi mmoja wa mbali. Anauliza, mbona mama akifa, binti ndiye anayeachishwa shule, na kaka yake anaendelea kusoma? Niliyaona maneno hayo kabla mdomo haujayafikia. Nikakohoa, nikashuka chini yake, nikasoma habari ya kuchimba mashimo ya takataka. Wanaume hawakujua kitu. Wakaitika, wakashukuru, wakaenda zao.

Bernadeta akaja kuchukua vikombe, Anna yuko mgongoni. Akasema bila kunitazama, "Baba, umeruka."

Kumbe alikuwa amelisoma gazeti lote tangu jana yake, nikiwa kazini. Nikamwambia macho yangu yamechoka.

"Ndiyo, Baba," akasema.

Wiki ya pili ikaja sinema. Nilimchukua Yosefu peke yake, nikamwambia Bernadeta kwamba Anna atasumbua kwenye umati. Wakatundika shuka jeupe uwanjani, jua lilipozama tu picha zikaanza. Unajua nilichokiona? Sikuona chochote. Nilisinzia nimesimama, nimeegemea mti, mpaka Yosefu akanivuta koti. Tuliporudi Bernadeta alikuwa ametuwekea ugali na samaki wadogo wa furu. Akamkalisha Yosefu chini, akamuuliza kila kitu. Yosefu akasema ilikuwa picha ya mwanamke mwenye mtoto mgonjwa. Yule mwanamke alivaaje? Mtoto wake alipona? Yosefu hakumbuki, anacheka tu. Akanigeukia mimi. "Baba, mwisho ikawaje?" Nikasema walipona wote. Mpaka leo sijui kama ni kweli. Lakini alifurahi, na furaha yake ilinichoma kuliko kama angekasirika.

Jumamosi ya tatu nilikwenda bomani kusikiliza redio. Nilimwacha Yosefu acheze mpira, nikaenda peke yangu. Kumbe betri imekwisha. Tumesimama chini ya kile kipaza sauti, watu wazima na kofia zetu, kinakoroma tu, halafu kikanyamaza kabisa. Nikarudi nyumbani mapema, saa ambayo hawakunitazamia.

Nikasikia sauti nyuma ya nyumba. Bernadeta alikuwa amekaa juu ya kinu, amemweka Anna na watoto wawili wa jirani mbele yake, ameshika kijiti. Alikuwa Sista, mwalimu wake wa shuleni. Alikuwa anaita majina ya wenzake wa darasani, kisha anabadilisha sauti na kuwaitikia yeye mwenyewe.

"Skolastika."

"Nipo, Sista."

"Magdalena."

"Nipo, Sista."

"Bernadeta."

Hapo hakuitika. Mtoto mmoja wa jirani akauliza, "Bernadeta yuko wapi?"

Akamjibu kwa sauti yake ya kila siku, "Hayupo. Mama yake alisema asirudi."

Ndilo jambo lenyewe, mke wangu. Ni mimi niliyemwambia hivyo.

Siku aliponiuliza kwa nini yeye asiende shule, niliona atabishana na mimi. Nikajua hatabishana na wewe. Nikamwambia, "Ni neno la mama yako kabla hajafa." Nilikutia maneno kinywani ukiwa huwezi tena kunikatalia. Na wewe pale kitandani uliniambia kinyume chake, umenishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado unayo. "Bernadeta asome. Hata ukichoka, asome." Nikasema nimesikia. Na nilisikia, Mama Bernadeta. Siwezi kusema sikusikia.

Nilisimama pale pembeni ya ukuta mpaka Anna akaniona, akacheka. Bernadeta akaruka kutoka kwenye kinu na kutupa kijiti, kana kwamba nimemkuta anaiba. "Shikamoo, Baba." 

Jumatatu niliomba ruhusa kazini. Kwanza nikaenda kwa rafiki yako Bi Rukia, jirani yetu. Siku ya matanga alikuwa amesema, "Shemeji, huyu mdogo niachie mchana, ninao wa kwangu, mmoja zaidi hanizidi." Nilimkatalia, nikidhani watu watasema karani ameshindwa na nyumba yake. Sasa nikasimama mlangoni kwake na Anna mkononi. Akamchukua tu. Akasema, "Nilikuwa nakungoja, shemeji."

Bernadeta alivaa sare. Imemfika juu ya magoti. Tulitembea mpaka shuleni yeye mbele, mimi nyuma. Sista akafungua daftari lake la majina, akauliza alikuwa wapi wiki zote hizi. Nami, hata baada ya yote hayo, nikajibu, "Alikuwa na homa, Sista."

Bernadeta akatazama vidole vya miguu yake. Hakunisuta. Alikuwa tayari kuubeba uongo huo pia, kama alivyoubeba ule wa kwanza, na hapo ndipo niliposhindwa kujivumilia.

Nikasema, "Sista, hakuwa na homa. Nilimzuia mimi. Tena nilimsingizia marehemu mama yake. Mama yake alitaka asome, ndilo neno lake la mwisho kwangu, na mtoto hakuambiwa."

Sista aliweka kalamu mezani.  Kisha akaandika jina, akamwambia Bernadeta kwamba wenzake wamekwenda mbele sana, itabidi akaze moyo. Bernadeta akaingia darasani. Hakugeuka kunitazama.

Siku nne hakusema nami zaidi ya salamu. Alipika, alinitengea chakula, alikaa upande wa pili na kitabu chake. Sikumlaumu. Kila siku nikitoka gatini nilimchukua Anna kwa Bi Rukia, nikachota maji, nikaosha vyombo, mambo niliyokuwa nikiyaona yakifanyika bila kuuliza nani anayafanya. Wanaume wawili walicheka kuniona bombani na ndoo. Waliacha wenyewe.

Jana alikuja na kusimama mbele yangu. Nilidhani anataka wino. Akasema, "Baba, mimi nilimchukia Mama." Ndiyo maana, akasema, siku ile bibi yake alipotuita twende kusafisha kaburi lako, alijifanya tumbo linamuuma. Alikaa mwezi mzima hakusali kwa ajili yako. Sasa anataka kwenda kukuomba radhi, tena peke yake.

Nilimwambia yeye hana kosa hata kidogo. Akasema, "Najua. Lakini yeye hajui."

Basi kesho baada ya misa tutakuja. Atatangulia yeye, na mimi na wadogo zake tutangoja langoni mpaka atakapomaliza. Msikilize mtoto wako vizuri. Mimi nitakuja baadaye, na nakuahidi nitayasema haya yote kwa sauti, yeye akiwa amesimama karibu anasikia, nisimwache abebe hata neno moja ambalo si lake.

Kwaheri, mke wangu. Pumzika.

Mume wako,
Aloisi