Mama, wamemtilia mjukuu wako mchuzi wa kambale

Mpendwa mama,

Shikamoo huko ulikopumzika. Nakuandikia nikiwa na hasira, maana wewe ndiye ambaye usingeniambia, "Tulia, yameshapita."

Tumaini, mjukuu wako ambaye hukujaliwa kumbeba, amechukua mwili wako. Nyama haimkai tumboni, na samaki ndiyo kabisa. Wewe ulikuwa unawashwa na kutapika. Yeye midomo inavimba, kifua kinabana.

Unakumbuka tulivyokuwa tunatoka Mchombe kuja Ifakara kuuza mchele? Ukishauza, njaa inatuuma, tunaanza kuzunguka vibanda vya nyuma ya soko. Hukukaa kwenye benchi la mtu kabla hajakufunulia sufuria. Kisamvu kimetwangiwa dagaa, unashukuru, tunasogea. Maharage yamelala na kichwa cha samaki, tunasogea. Mwenye kibanda mmoja akakuuliza, "Wewe mama, unakula au unakagua?" Ukamjibu, "Nakagua ili nile." Benchi zima likacheka, na wewe ukacheka nao. Mwisho tulifika kwa yule bibi Mpogoro jirani na mashine ya kukoboa, aliyekuwa anaunga kisamvu kwa karanga tu, na wali wake unanukia mpaka barabarani. Ulikula umevua viatu kama uko nyumbani kwako.

Bibi yule hayupo tena, mama. Pale pake siku hizi wanauza vocha za simu. Nimezunguka na Tumaini mtaa ule ule. Chipsi zipo, lakini mafuta yamekaangiwa perege. Mihogo ya kuchoma ni salama, maandazi na chai ya rangi salama. Ila mtoto hawezi kukua kwa mihogo na maandazi. Ndipo nikapata wali na maharage kwa Mama Rehema, mwenye kibanda cha bati karibu na stendi. Nilimwambia siku ya kwanza, na kila siku nikarudia: huyu mtoto hali samaki, wanamdhuru. Akawa ananijibu, "Nimesikia, mdogo wangu."

Wiki iliyopita nilimwacha Tumaini kwenye benchi nikaenda kununua maji hapo pembeni. Kurudi, namkuta anakula, midomo imeshaanza kuumuka. Wali umelowa mchuzi wa njano.

"Umempa nini?"

"Mtoto mzuri hivi anakula maharage matupu kama yuko msibani? Nimemtilia kamchuzi ka kambale, ashushie."

"Si nilikwambia samaki hali!"

"Sasa mbona unapaza sauti? Sijampa samaki, nimempa mchuzi."

Mama, nilimbeba mwanangu nikakimbia naye hadi zahanati, anakoroma mgongoni kwangu. Nesi akamchoma sindano, na mimi nikahesabu pumzi zake mpaka zikatulia. Alipona, Mungu ni mwema.

Kesho yake nilirudi kwa Mama Rehema. Nilidhani atanipa pole. Akasema alimhurumia, kwamba alidhani mfuko wangu ndio haufiki kwenye samaki, nikawa naficha aibu kwa kusingizia ugonjwa. Mzee mmoja mezani akadakia, "Mzoeshe kidogo kidogo. Mtoto wa Kilombero asile samaki?" Wakacheka.

Ndicho kinachonichoma. Mtu akiona sahani ya maharage katika bonde hili, anaona shida. Hamwoni mwenye sahani. Na upawa wake wa huruma haumuulizi mtu. Nimeishia darasa la saba, lakini hata mimi najua kwamba samaki aliyechemka kwenye mchuzi ameacha kitu mle ndani.

Na kuna jambo jingine, hili linanikera kwa nafsi yangu. Nilipomuuliza Tumaini kwa nini hakukataa, alinijibu, "Ulisema mkubwa akinipa nipokee kwa mikono miwili." Ni kweli, mama. Nimemfundisha hivyo, kama ulivyonifundisha wewe, na wewe ulivyofundishwa. Januari anaanza shule. Watu wazima wa kumpa watakuwa wengi, na mimi sitakuwepo. Nikaona kuwafundisha wapishi peke yao hakutoshi. Jioni zote hizi nimekuwa nacheza naye mchezo: mimi mpishi, yeye mteja.

Jumamosi tulienda kibanda kingine, kwa dada mmoja aliyehamia kutoka Mngeta. Nikamwambia habari zote, akaitikia. Nikakaa pembeni nikinyamaza kwa makusudi. Tumaini akaamkia, akapewa wali na maharage yake. Yule dada akamtazama, uso ukamlegea, akachota kwenye sufuria ya pili, ya samaki. "Ngoja nikuongezee utamu, mrembo."

Mwanangu akaweka kiganja juu ya sahani.

"Hapana, shangazi. Naumwa nikila."

"Toa mkono, nitakuunguza!"

Hakutoa. Upawa ukabaki hewani, mchuzi unadondoka mezani tone kwa tone. Yule dada akanigeukia. "Mtoto gani huyu anamkatalia mkubwa chakula? Hana adabu?"

"Shikamoo amekupa," nikamwambia. "Mkono hautoi."

Akaurudisha upawa kwenye sufuria. Tumaini akala.

Lala salama, mama yangu.

Mwanao,
Mama Tumaini