Mume Wangu Anaomba Radhi Mpaka Muda Unakwisha

Basi nilimkubali, mpendwa mshauri, kama ulivyonijibu mwaka jana kwamba mwanamume anayezungumza na kompyuta yake kwa upole atazungumza na mkewe kwa upole vilevile, na ulisema kweli, kwa sababu tangu tufunge ndoa sijaamka hata siku moja bila kukuta amenifunika bega, na hata sasa ninapokuandikia yuko barazani anamenya magimbi huku akiimba besi ya wimbo wa kwaya, na mimi nacheka peke yangu kama niliyepagawa. Lakini nimerudi kwako na jambo jingine. Naomba unisaidie kuelewa kitu kinachoitwa kujijengea jina.

Lisiate wangu anaandika programu za kompyuta. Unajua hapa Neiafu, kisiwani kwetu Vavaʻu, tunavyohangaika meli ikitia nanga: ndugu zetu wa Auckland wametuma maboksi na mapipa, sisi tunakwenda bandarini kuuliza, tunaambiwa bado, tunarudi na jua kichwani, kesho tena. Yeye akatengeneza programu, boksi lako likitolewa kwenye kontena simu yako inalia, njoo, limefika. Karibu kila nyumba inaitumia, lakini ukiuliza nani aliyeitengeneza utaambiwa ni watu wa bandari, au serikali, na bibi mmoja aliniambia ni Wajapani. Lisiate akisikia anatabasamu tu, anasema mradi boksi limefika.

Binamu yake Kelepi, anayefanya kazi hiyohiyo Auckland, anasema huo ni ugonjwa. Anasema kwenye kazi yao mtu hujijengea jina: unakuwa na ukurasa wako mtandaoni, unaeleza ulichotengeneza, unaonyesha uso, ili mtu wa mbali akuamini. Nikamwuliza jina gani tena, si analo la babu yake? Akacheka, akasema la babu halisomeki huko. Tangu siku hiyo nalifikiria neno hilo hata nikifua. Hapa kwetu jina unapewa, kisha unalitunza lisichafuke, sasa mtu analijengaje mwenyewe, kwa tofali gani?

Ningeliacha, lakini kuna kampuni ya Brisbane inatafuta mwandishi wa programu wa kufanya kazi akiwa nyumbani kwake popote alipo, na kila mwombaji atume video ya dakika mbili akieleza kitu alichokitengeneza, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Akikosa hiyo, Kelepi amemshikia nafasi Auckland, na ataondoka yeye kwanza, mimi nitafuata vibali vikitoka, na wenzangu waliovisubiri wananiambia nijiandae kwa mwaka mzima. Mshauri, keki ya harusi yetu bado iko kwenye friji ya mama.

Basi nikashika simu nimrekodi. Alivaa shati la harusi na mkeka wake wa heshima kiunoni, mzuri mpaka nikamtazama yeye badala ya simu, na video ya kwanza ikaharibika kwa sababu yangu. Ya pili ikatulia. Akaanza fakatapu, ile salamu ya kuwaomba radhi wakubwa, kama alivyolelewa asimame mbele ya watu: akaomba radhi kwa Mungu, kwa machifu, kwa wachungaji, kwa wazee wa Neiafu, kwa Shangazi Lupe, dada yake baba yake, kisha akaingia kwa watu wa bandarini mmoja mmoja, dereva wa kreni, makarani, mpaka mama anayeuza chai getini, akasema yeye ni mtoto asiyejua kitu mbele yao, na kabla hajataja anaitwa nani dakika mbili zikaisha, nami nikaacha simu irekodi mpaka amalize. Tukarudia. Akapunguza machifu, akaongeza wachungaji. Tukamtumia Kelepi, naye akapiga simu palepale.

"Bwana, hii ni video au mazishi ya chifu?" akasema. "Chai yangu imepoa na bado hujafika kwenye jina lako."

Tulicheka sote, lakini usiku Lisiate hakuimba. Kesho yake, yeye akiwa kazini, mimi nikakata. Nilitoa fakatapu yote, video ikaanza pale aliposema, "Mimi ni Lisiate, nimetengeneza programu hii," nikaiweka kwenye ukurasa aliofunguliwa na Kelepi mtandaoni ili nione tu watu watasemaje. Watu waliipenda! Kelepi na wenzake wakaisambaza, nikajiona mke kuliko wake wote.

Jumapili, kwenye ukumbi wa kanisa, wasichana wakamwonyesha Shangazi Lupe. Huna haja ya kuelezwa shangazi ni nani kwetu, siku ya harusi mikeka ya zawadi iliyo mizuri kuliko yote ilikwenda kwake. Akaitazama mpaka mwisho, akarudisha simu, akasema mbele ya kina mama wote, "Huyu mtoto anaongea kama amejizaa mwenyewe." Pembeni mtu akamalizia kwa neno letu lile baya, fiepoto, mtu anayetaka aonekane ana akili kuliko wenzake.

Habari zilimfikia Lisiate nyumbani kabla sijarudi. Hakunigombeza, na natamani angenigombeza. Aliifuta video kwenye ukurasa, akakaa, akaniambia, "Kalo, mimi sisimami tena mbele ya simu. Nitakwenda Auckland."

Nifanyeje, mshauri? Nimwache aende? Nitengeneze nyingine kwa siri na kuituma Brisbane? Nimekutumia video zote mbili, ile ndefu na ile niliyoikata, uone mwenyewe. Na uniambie pia, kwa sababu kweli nataka kujua, hilo jina ni kitu gani hasa?

Kalolaine, Neiafu


MSHAURI ANAJIBU

Kalolaine, barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo Ijumaa, na ukurasa mzima wa kusifu kope za mumeo nimeuondoa kwa sababu wasomaji wana kazi za kufanya.

Nianze kwa kukugombeza, maana yeye hakufanya hivyo. Ulichukua maneno ya mtu mzima ukayakata bila kumwuliza, kisha ukayatangaza kwa uso wake. Ungemnyoa nywele akiwa amelala ungeona haya kumtazama asubuhi. Usinipe mapenzi kama udhuru, na hiyo video ya siri usiiguse.

Sasa tuongee. Nimezitazama zote mbili. Ile fupi angeweza kuisema kijana yeyote: nimetengeneza, nimeweza, nimemaliza. Ile ndefu niliirudia, kwa sababu kuna kitu kilinishangaza. Anapomwomba radhi dereva wa kreni, anasema ndiye aliyemfundisha kwamba boksi lililoandikwa mwanzo linaweza kuwa chini kabisa na kutoka la mwisho. Anapomtaja mama wa chai, anasema ndiye aliyemwambia wazee hawasomi ujumbe, wanasikia mlio. Mwanangu, pale alikuwa anaeleza kazi yake, na vizuri sana. Ninyi mlikuwa mnaangalia saa.

Anapokwama ni kwenye kujitaja, na mimi simlaumu. Tangu lini chifu wetu akasimama kujisifu? Anakaa kimya, matapule wake ndiye anayemsemea. Mumeo anajaribu kuwa wote wawili, ndiyo maana akilifikia jina lake anameza mate. Mtafutieni wa kumsemea, na mbele ya simu atarudi. Usiwe wewe, dakika mbili zingeishia kwenye kope. Asiwe Kelepi, anayeona salamu ni hasara. Awe Shangazi Lupe.

Najua umeshtuka. Lakini fikiri: ni nani mwingine Neiafu anayeweza kumsifu Lisiate hadharani bila mtu kuthubutu kukunja uso? Na nikuulize jambo nililolitafuta kwenye barua yako mara mbili nisilione. Kabla ya Jumapili ile, kuna aliyekwenda kumweleza kwamba kazi hii ni ya mtoto wake? Naona alilijua pamoja na ukumbi mzima, kwenye simu ya msichana. Wewe ulisikia mtu anayechukia majivuno. Mimi nimesikia shangazi ambaye hakuambiwa. Mimi nami ni shangazi wa watu, na maneno yale ningeweza kuyasema mwenyewe.

Kwa hiyo kesho, si keshokutwa, nendeni kwake. Vaeni mikeka yenu. Pika lu ya kondoo, majani ya magimbi yafunge nyama vizuri, tui liwe zito. Keti sakafuni na wewe ndiye uombe msamaha, kwa sababu aliyekata ni wewe. Brisbane usiitaje mpaka amemaliza kula. Kisha Lisiate amweleze kazi yake tangu mwanzo, naye aulize anachotaka, hata akiuliza mpaka jioni. Halafu mwombeni aseme mbele ya simu kijana huyu ni nani, kwa maneno machache, kwa Kitonga chake, mtaandika tafsiri chini. Akikataa msimbembeleze. Hapo Lisiate aanze na boksi lenyewe: hili limetoka Auckland, na hivi ndivyo tulivyojua limefika. Ajitaje mwishoni, mara moja.

Akikubali, atangulie yeye, kisha mumeo aseme fakatapu ya sentensi moja, na baada ya hapo asijizungumzie tena. Aonyeshe kreni, mama wa chai, mahali alipokosea na alivyorekebisha. Ikiwa kampuni haiwezi kuvumilia salamu moja kwa shangazi, haitamvumilia siku atakapoomba wiki nzima kwa ajili ya msiba, na ni afadhali mjue sasa.

Ukurasa wake msiufunge. Kila programu anayotengeneza aandike chini ni nani aliyeitengeneza na nani walimsaidia. Asione haya. Ikiharibika, makarani wa bandarini ndio wanaotukanwa, nao wana haki ya kuonyesha wenye hasira mlango wa kugonga.

Umeniuliza jina ni nini, na nakiri nimelibeba swali lako wiki nzima hata kwenye foleni ya mkate. Sidhani Kelepi na Shangazi Lupe wanagombana kama wanavyodhani. Wote wawili wanataka mgeni akimwona Lisiate ajue amwulizie kwa nani. Huko kwa Kelepi unauliza ukurasa. Kwetu unauliza shangazi. Mkiweza kumweka shangazi kwenye ukurasa, sioni kilichobaki cha kubishania.

Usiniandikie mambo yalivyokwisha. Nina mkutano wa kina mama wa kanisa huko Vavaʻu, na nitashuka na meli kuja kusikia kwa masikio yangu. Nitapita kwanza kwa Shangazi Lupe, kama inavyonipasa, kisha nitakuja kwenu, kabla mwezi huu haujaisha.