Njiwa Niliowaita Kifo

Jumanne, Kang'ata

Na eti mimi ndiye ninayesomea shahada ya uzamili ya fasihi ya Kiarabu.

Leo nimemsomea Baba tafsiri yangu ya ubeti wa kale: "Kifo kimetua juu ya paa letu, kinalia." Baba ni mkulima, Kiarabu hakijui. Akauliza, "Mwanangu, kifo kinatua na kulia kama njiwa?"

Nikarudi kwenye maandishi. Hayana alama za irabu. Neno lilelile ukilisoma himamu ni kifo, ukilisoma hamamu ni njiwa. Walikuwa njiwa, na mimi nimeshaandika sura nzima juu ya kifo.

Baba amecheka mpaka akakohoa. Kikohozi hicho kina miezi miwili. Tangu kianze, macho yangu yanaona kifo hata palipoandikwa njiwa.

Kesho nampeleka hospitali Handeni, atake asitake.